Seva imeganda, prosesa imelala: tuongee thredi, keneli na nani hasa anayepanga zamu

Fundi_Sinza (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Huu uzi nimeuwaza wiki nzima nikaona niuandike tu, ni mrefu, asiye na muda aweke alama arudi baadae.

Nahudumia mfumo wa vifurushi, ule unaotumiwa na mawakala wa mabasi pale Shekilango na Mbezi. Mzigo ukipokelewa unaandikwa, mteja anapata meseji, ukifika mkoani mpokeaji anapata meseji yake. Seva yetu ina prosesa nne, inatutosha kabisa. Jioni kuanzia saa 11 mpaka saa 2 usiku ndo moto maana mabasi ya alfajiri yanafungashiwa mizigo muda huo. Sasa mwezi uliopita tukahamia toleo la 21 la lugha ya Java ili tutumie zile thredi nyepesi mpya (thredi ni mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu), zile ambazo unaweza kutengeneza hata laki na kompyuta haistuki. Kwenye majaribio mambo yalikua safi sana.

Ijumaa saa 1:30 usiku simu zikaanza. Mawakala wanasema kioo kinazunguka tu. Naingia kwenye seva nakuta prosesa iko asilimia 2. Asilimia mbili wakuu! Memori ipo, diski ipo, databesi inajibu, na nje kuna maombi zaidi ya mia nne yamepanga foleni hayaendi popote. Yani watu wapo, gari zipo, barabara iko wazi, na hakuna kinachotembea. Ukiwasha upya inakaa sawa dakika kumi halafu inaganda tena.

Nikapiga jstack (zana ya kuonyesha thredi za Java) sikuona cha maana, maana hizi thredi nyepesi haizionyeshi. Ikabidi nitumie jcmd na Thread.dump_to_file, hapo ndo nikaona. Chini ya thredi nyepesi mia nne na kitu kulikua na thredi halisi za keneli (moyo wa mfumo endeshi, ndo unaogawa prosesa) nne tu, ndo zinazobeba kazi yote. Moja imeshika kufuli ndani ya laibrari ya kutuma meseji (wameandika kwa neno `synchronized`) inasubiri jibu la mtandao kutoka geti la meseji ambalo siku ile lilikua zito, na zile tatu zimesimama mlangoni zinasubiri kufuli hilo hilo. Nne zote zimeisha. Hizo mia nne nyingine, ambazo hata hazitaki kutuma meseji, zinataka tu kusoma databesi, hazina wa kuzibeba.

Na kitu kilichoniuma ni hiki: keneli ilikua INAJUA kwamba thredi zote nne zimelala. Inazo kwenye orodha yake ya wanaosubiri. Ila haikumwambia mtu. Na mpanga zamu wa Java hakujua, au tuseme alijua ila hakua na cha kufanya. Ndo nikaanza kuchimba hii habari ya keneli kusaidiana na programu kupanga thredi, nikakuta watu walishaliona tatizo hili hili mwaka 1991. Nitashuka taratibu.

---

kijana_wa_mbagala

Mkuu pole sana na asante kwa uzi. Mimi niko chuo mwaka wa pili, naomba kuuliza bila aibu, kwanini usitengeneze thredi za keneli nyingi tu? Kama nne hazitoshi weka elfu. Na hizi "nyepesi" na "halisi" tofauti yake ni nini hasa maana mwalimu alipita hapo haraka sana

---

Fundi_Sinza

Swali zuri mdogo wangu, ngoja nilijibu kwa daladala maana wote humu tumezipanda.

Chukulia gari ni prosesa. Tajiri mwenye magari ni keneli. Kijiwe cha madereva ni programu yako, na madereva waliokaa kwenye benchi ni thredi zako, yani kazi zinazotaka kufanyika. Dereva akiitwa ofisini kutoa maelezo, gari inabaki nje haina mtu, hiyo ndo thredi imekwama inasubiri diski au mtandao. Tajiri hataki gari isimame hata dakika, hesabu yake iko palepale.

Sasa kuna namna tatu za kupanga.

Ya kwanza, tajiri anamjua kila dereva kwa jina na zamu zote anapanga yeye. Dereva mmoja akiingia ofisini tajiri anaona, anampa gari dereva mwingine. Hii ndo thredi ya keneli, tunaita moja-kwa-moja, yani thredi moja ya programu kwa thredi moja ya keneli. Uzuri wake ni kwamba hakuna gari inayolala wakati mtu yupo benchi. Ubaya wake, kila kubadilishana zamu lazima muende ofisini kwa tajiri, hata kama dereva A na B wamekaa pamoja na wameshaelewana. Kwenda kwa tajiri ni kuvuka mpaka wa keneli: kuhifadhi rejista, kubadili ngazi ya ruhusa, shedyula (mpanga zamu wa keneli) kutafuta nani anafuata, kurudi. Siku hizi ni kama maikrosekunde moja au mbili, kidogo, ila ukifanya mara laki kwa sekunde inaonekana. Na kila dereva tajiri anamfungulia faili lake: kwenye Linux thredi ya kawaida inatengewa staki (eneo lake la memori la kufanyia kazi) ya megabaiti 8 za anwani. Sio memori ya kweli yote hiyo, inajazwa kadri inavyotumika, lakini ndo hivyo hazitengenezwi kama njugu.

Ya pili, tajiri anakijua kijiwe tu. Kijiwe kina mpanga zamu wake na daftari lake, dereva A akimaliza anampa B palepale, hakuna kwenda ofisini. Hapa kubadilisha zamu ni kuhifadhi rejista chache na kuruka staki nyingine, kazi ya nanosekunde. Ila tajiri anaona kijiwe kizima kama mtu mmoja. Dereva mmoja akiitwa ofisini, kwa macho ya tajiri "kijiwe kimesimama", anachukua gari anapeleka ruti nyingine, na madereva ishirini wako benchi wanaangaliana. Na hata ukiwa na magari manne, kijiwe hiki kinapewa moja tu. Java ya zamani sana ilianza hivi.

Ya tatu ni mchanganyiko. Tajiri anakipa kijiwe vibali kadhaa, tuseme vinne, na mpanga zamu wa kijiwe anavigawa kwa madereva wake wengi. Mwenye kibali ndo anaendesha. Hii ndo Java 21, ndo na lugha ya Go kwa namna yake. Na tatizo langu la Ijumaa liko hapa: dereva ameingia ofisini KIBALI KIKIWA MFUKONI. Wanne wakiingia na vibali vyao, basi. Tajiri anaona vibali vinne vimelala, anadhani hawa hawana kazi. Mpanga zamu ana watu mia nne benchi na hana kibali cha kumpa yeyote.

---

kijana_wa_mbagala

Duh. Hapo kwenye kibali mfukoni nimeelewa kabisaaa

---

Dada_wa_Seva

Fundi umeeleza vizuri sana, naomba niongezee sehemu ya 1991 maana naipenda hii habari kutoka moyoni, niliifanyia kazi yangu ya mwisho chuo.

Walikua wanne, Thomas Anderson, Brian Bershad, Edward Lazowska na Henry Levy, Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani. Wazo lao waliliita scheduler activations. Hoja yao ni moja: tatizo la namna ya pili na ya tatu si kwamba programu inapanga zamu vibaya, ni kwamba keneli na programu hawaambiani kitu. Keneli inajua lini thredi imekwama na lini prosesa imechukuliwa. Programu inajua ipi ni kazi muhimu, nani kashika kufuli, nani akae nani aende. Kila mmoja ana nusu ya habari.

Wakafanya hivi. Keneli haigawi tena thredi, inagawa prosesa kwa programu. Na kila kikitokea kitu kinachobadilisha idadi ya prosesa zinazofanya kazi, keneli inaipigia programu simu. Kawaida programu ndo inaiita keneli, hapa keneli inapiga kwenda juu, inaingia kwenye mlango maalum wa programu ambao ni mpanga zamu wake. Simu ziko aina nne tu: umeongezewa prosesa hii, prosesa yako moja imechukuliwa, kazi fulani imekwama ndani ya keneli, kazi fulani imekwamuka.

Tuchukue kijiwe cha Fundi. Dereva Juma ameingia ofisini. Palepale tajiri anatoa kibali kipya, anampigia mpanga zamu: "Juma yuko ndani, gari yake iko nje, kibali kipya hiki hapa." Mpanga zamu anatoa deiwaka kwenye benchi, gari inaondoka. Kibali cha zamani cha Juma hakina kazi tena.

Sasa pazuri ni Juma akitoka. Mtu angedhani tajiri anamrudisha tu Juma kwenye gari. Hapana! Keneli hairudishi thredi yenyewe hata siku moja, maana pengine mpanga zamu anaona kuna mwenye haraka kuliko Juma. Lakini ili apige simu anahitaji prosesa ya kupokelea simu, na zote za kijiwe ziko barabarani. Anafanyaje? Anasimamisha gari moja ya kijiwe kile kile, tuseme ya Asha, halafu anapiga simu moja yenye habari mbili: "Juma katoka, hali yake ni hii. Asha nimemsimamisha, hali yake ni hii. Gari ni hii, amua." Mpanga zamu anawaandika wote wawili kwenye daftari, anachagua mmoja. Muda wote vibali vinavyotembea ni sawasawa na magari mliyopewa, hakizidi hakipungui. Hiyo ndo kanuni yao mama.

Na upande wa pili programu nayo inaiambia keneli mambo mawili tu: nahitaji prosesa zaidi, au hii moja sina kazi nayo chukua. Haiambii kila kinachotokea, ndo maana ni rahisi.

Tukija kwenye namba, walipima kwenye mashine ya kampuni ya DEC iitwayo Firefly. Kutengeneza thredi tupu na kuimaliza: laibrari ya ndani ya programu maikrosekunde 34, thredi ya keneli 948, proses nzima ya Ultrix (Unix ya DEC) 11,300. Walipoingiza mfumo wao laibrari ikawa 37. Yani umepata simu za keneli kwa gharama ya maikrosekunde 3.

---

Fundi_Sinza

Dada hapo kwenye kumsimamisha Asha nilisoma mara tatu ndo ikaniingia, wewe umeimaliza kwa mistari mitano. Naomba uwaeleze na lile la daftari, maana ndo swali lililonijia usiku ule: ikiwa gari imenyang'anywa wakati dereva ameshika daftari lenyewe la zamu inakuaje?

---

Dada_wa_Seva

Hilo ndo gumu kuliko yote na walilitatua kwa namna nzuri mno.

Fikiria Asha alikua anaandika kwenye daftari la zamu, amelishika, keneli ikamsimamisha. Simu inakuja kwa mpanga zamu, mpanga zamu anataka kumwandika Asha kwenye daftari. Daftari analo Asha. Mmeganda milele.

Wao walisema: mpanga zamu akipokea simu, kwanza aangalie aliyesimamishwa alikua sehemu gani ya programu. Kama alikua katikati ya sehemu nyeti, mwachie amalizie kidogo mpaka atoe daftari, ndo arudishe gari kwa mpanga zamu, halafu ndo mambo yaendelee. Utajuaje kwamba alikua sehemu nyeti bila kila mtu kuinua bendera kila akishika kufuli (ambayo ingekua gharama kila mara)? Walitengeneza nakala ya pili ya kila sehemu nyeti. Nakala ya kawaida haina nyongeza yoyote, inakimbia kasi yote. Nakala ya pili ni ile ile ila mwishoni imewekwa "rudi kwa mpanga zamu". Akisimamishwa katikati ya sehemu nyeti, anaendelezwa kwenye nakala ya pili kuanzia pale pale alipofikia. Kwa hiyo kama hakuna aliyenyang'anywa hulipi chochote. Mimi hapa nilisimama kusoma nikatembea kidogo ndani ya chumba.

Niseme na upande wa pili kwa haki: simu zenyewe kwenye jaribio lao zilikua nzito. Walipolazimisha kazi zisubiriane kupitia keneli ilichukua milisekunde 2.4, mara tano mbaya zaidi ya thredi za keneli za mashine ile. Waliandika wenyewe bila kuficha.

---

mzee_wa_Unix

Vijana hongereni, mmenikumbusha mbali. Mimi nimeshika mashine za Solaris (mfumo endeshi wa familia ya Unix, kama NetBSD na FreeBSD nitakazotaja) miaka hiyo, nataka niseme kwanini kitu kizuri hivi hamkikuti kwenye Linux zenu leo.

Solaris 2 ilikua na mchanganyiko, madereva wengi juu ya vibali vichache, vibali walikua wanaita LWP. Kwenye Solaris 8 wakaweka laibrari ya pili ya moja-kwa-moja kama mbadala, na Solaris 9 mwaka 2002 hiyo ya moja-kwa-moja ikawa ndo ya kawaida. NetBSD waliingiza hizi scheduler activations zenyewe, kazi ya Nathan Williams, zikatoka na NetBSD 2.0 mwaka 2004, na NetBSD 5.0 ya mwaka 2009 wakazitoa. FreeBSD nao walikua na ya kwao, KSE, toleo la 7 wakaisogeza pembeni, toleo la 8 ikafutwa. Windows walileta ya kwao kwenye Windows 7 ya biti 64, Windows 11 haiungi mkono tena. Angalieni mtiririko huo, ni watu makini wote na wote wamerudi kwenye moja-kwa-moja.

Linux kulikua na mchuano kabisa mwaka 2002. IBM walikua na NGPT, ya mchanganyiko. Ulrich Drepper na Ingo Molnar wa Red Hat wakaja na NPTL, moja-kwa-moja, thredi moja ya programu ni thredi moja ya keneli basi. Hoja yao ilikua kwamba ukiwa na wapanga zamu wawili, mmoja juu mmoja chini, wasipoelewana unaharibu zaidi ya unachookoa, na kuwafanya waelewane kunajaza keneli vitu vigumu, hasa ukifika kwenye signo (ujumbe wa keneli wa kuikatiza programu). Badala yake wakaifanya keneli yenyewe iwe nyepesi. Molnar alikua ameshaandika shedyula isiyochoka hata foleni ikiwa ndefu. Na kufuli wakatumia futeksi: kama hakuna anayegombania, kufuli linashikwa na kuachiwa ndani ya programu keneli haijui kabisa, keneli inaitwa pale tu mtu anapolazimika kusubiri. Thredi laki moja zilianzishwa na kumalizwa kwa sekunde 2, kwa mfumo wa zamani kazi hiyo hiyo ilikua kama dakika 15. NGPT ikaachwa.

Kwahiyo tajiri alivyofungua dirisha la haraka pale pale kituoni, watu wakaona hakuna haja ya mpanga zamu wa kijiwe.

---

code_na_kahawa

Namuunga mkono mzee. Na Fundi nikwambie ukweli kaka, maombi 400 tu? Ungeweka thredi za kawaida 400 Linux wala isingestuka, yasingekukuta haya. Watu tunakimbilia vitu vipya

---

Fundi_Sinza

Kaka ni kweli, kwa 400 zingetosha, na nimeshakubali hilo kazini. Ila picha yetu sio 400. Kila kifurushi kinachosubiri uthibitisho wa malipo kinashikilia muunganisho wazi, msimu wa sikukuu tunafika elfu kumi na kitu na karibu zote zinasubiri tu hazifanyi kazi. Hapo thredi ya keneli kwa kila mmoja naanza kulipia staki na orodha za shedyula kwa ajili ya watu waliolala. Na kuandika kwa mtindo wa "nikijibiwa niite" kodi yetu (maandishi ya programu) inakua haisomeki, kijana mpya akija anachukua mwezi kuelewa. Thredi nyepesi zinakupa kodi inayosomeka kutoka juu mpaka chini. Sitaki kuziacha, nataka zisiniue.

---

Mkaka wa Go

Niseme kidogo jinsi Go inavyofanya maana ndo naishi nayo kila siku.

Go ina vitu vitatu, G ni gorutini (dereva), M ni thredi ya keneli, P ni haki ya kuendesha, na P ziko sawa na idadi ya prosesa. Mpangilio huu ni kazi ya Dmitry Vyukov, umeingia Go 1.1 mwaka 2013. Ujanja ni kwamba haki ya kuendesha imetenganishwa na thredi ya keneli. M ikienda kukwama kwenye keneli, P inang'olewa inapewa M nyingine. Kwa lugha ya uzi huu, dereva akiingia ofisini kibali anakiacha getini!

Lakini nani anajua kwamba amekwama na sio ameingia sekunde moja anatoka? Keneli haisemi. Kwahiyo Go ina mlinzi anaitwa sysmon, thredi inayozunguka yenyewe bila P, inachungulia. Kukiwa na kazi inalala maikrosekunde 20 inaamka inaangalia, kukiwa kimya inaongeza usingizi mpaka milisekunde 10. Ikiona M imekaa ndani sana inachukua P. Mlinzi huyo huyo akiona gorutini imeshika prosesa zaidi ya milisekunde 10 anaitumia signo iachie, hiyo imeanza Go 1.14 mwaka 2020, kabla ya hapo kitanzi kisichoita funksheni yoyote kilikua kinaweza kushikilia prosesa mpaka asubuhi.

Kwa upande wa mtandao haikwami kabisa, inatumia epoll (huduma ya Linux ya kufuatilia miunganisho mingi), gorutini inalazwa juu na keneli inaulizwa "ipi iko tayari" kwa mkupuo.

---

Dada_wa_Seva

Mkaka wa Go umegusa penyewe. Angalia: mlinzi anachungulia kila maikrosekunde 20 kitu ambacho keneli inakijua sekunde ile ile kinapotokea. Ni kukisia. Ni kukisia kuzuri, ila ni kukisia. Watu walikataa simu ya keneli kwa sababu ni ngumu, halafu wakajenga mlinzi wa kuchungulia kila lugha kivyake. Ndo maana mimi siamini kwamba lile wazo lilikosea, naamini lilikuja wakati keneli na prosesa za watu zilikua hazijafika kwenye laki za miunganisho.

---

mzee_wa_Unix

Binti yangu hapo nakubaliana na wewe nusu. Gharama ya ugumu ndani ya keneli hailipwi na mwenye lugha moja, inalipwa na kila mtu. Mlinzi wa Go akikosea ameumia mtu wa Go peke yake.

---

Dada_wa_Seva

Mzee shikamoo, hilo nalipokea. Lakini kuna ushahidi mwingine kwamba kutoambiana kunaumiza. Wangapi humu mnaweka programu ndani ya kontena (boksi la kuendeshea programu kwa kuitenga na nyingine) yenye kikomo cha prosesa? Mashine ina prosesa 32, kontena imepewa sawa na 2. Go kwa miaka ilikua inahesabu 32, inatengeneza P 32. Zote zinaanza kukimbia, kwenye kila kipande cha milisekunde 100 zinamaliza mgao wote mwanzoni, halafu keneli inazizima ZOTE mpaka kipande kinachofuata, aliyeshika kufuli na asiyeshika. Mteja anaona programu inakatikakatika. Mpanga zamu wa juu hakuambiwa kwamba magari ni mawili. Go 1.25 ya mwaka 2025 ndo imeanza kusoma kikomo chenyewe. Kanuni ya 1991 ilikua hiyo hiyo, mwambie programu ana prosesa ngapi kwa kweli.

---

kijana_wa_mbagala

Na shedyula ya keneli yenyewe inachaguaje nani anafuata? au hiyo ni uzi mwingine

---

Fundi_Sinza

Ni uzi mwingine kabisa mdogo wangu, ila kwa kifupi: Linux tangu 2.6.23 mwaka 2007 ilikua na CFS, kila thredi ina saa yake ya muda iliyotumia, mwenye muda mdogo ndo anafuata. Toleo la 6.6 mwaka 2023 wakaleta EEVDF, inaangalia na nani anadai haki yake na deadlaini yake ni ipi. Na toleo la 6.12 limeleta sched_ext, unaweza kuandika sera yako ya kupanga zamu ukaipakia ndani ya keneli inayotembea. Hii mpya inanivutia maana ni kama ule mlango wa mawasiliano umefunguliwa upande mwingine, kijiwe kinampelekea tajiri utaratibu wake.

Nirudi kwenye seva, wengi wameniuliza inboksi nilifanyaje. Java yenyewe inajitahidi, kwenye kusoma faili mpanga zamu wake anajua thredi itakwama na keneli, basi anaongeza kibali cha muda, kwa kawaida vikomo ni 256. Ila kwa `synchronized` toleo la 21 halifanyi hivyo, dereva anaganda na kibali chake. Usiku ule ule nilichotoa ni kazi ya kutuma meseji, nikaipa bwawa lake (kundi lililotengwa) la thredi za kawaida 50, wakwame huko huko na geti lao. Dakika tano maombi yote mia nne yakaisha. Wiki iliyofuata tukajaribu Java 24, ile ya Machi 2025, ambayo imerekebisha hili, thredi nyepesi ikisubiri kufuli la `synchronized` inashuka inaacha kibali. Inafanya kazi. Bado ukiita kodi ya C kutoka ndani inaweza kuganda kama zamani, na sisi tuna laibrari moja ya kusoma stempu za mizigo iliyoandikwa C, nayo nimeipa bwawa lake.

Kabla ya kupanda Java 24, ukiwa na 21 weka `-Djdk.tracePinnedThreads=full`, kila thredi ikiganda na kibali inakuandikia mstari ulipo. Ningeiwasha kwenye majaribio ningeona kabla ya Ijumaa.

---

code_na_kahawa

Nimeiwasha saa hizi kwenye mfumo wetu wa foleni za wagonjwa, nimetoka kuangalia logi. Ndani ya dakika ishirini sehemu 3. Mbili ni draiva ya databesi ya zamani, moja ni kodi niliyoandika mwenyewe mwaka jana, nashika kufuli kabla ya kuita mtandao. Prosesa zetu ziko nane kwahiyo bado hatujaganda. Fundi naomba ule mfano wa bwawa la thredi 50 uliupangaje, nataka nibadilishe kabla ya Jumatatu asubuhi kliniki haijafunguliwa

---

Fundi_Sinza

Nakutumia inboksi sasa hivi kaka. Ile yako ya kufuli kabla ya mtandao anza nayo hiyo: soma unachohitaji ndani ya kufuli, achia, ndo uite mtandao. Draiva angalia toleo jipya, nyingi zimeshabadilisha `synchronized` kuwa ReentrantLock, kufuli ambalo thredi nyepesi ikilisubiri inaacha kibali.